Nyufa za Yuropa

Miaka yote ambayo Teodora alikuwa hai, mumewe Alexander Kahigwa hakuwahi kuzungumza na binti yao kwa simu kwa muda wa kutosha hata kupoza kikombe cha chai. Hawakuwa na ugomvi. Ndivyo tu nyumba ile ya Pasiansi, Mwanza, ilivyozoea: Jumapili saa kumi jioni simu ya Teodora inaita kutoka Ujerumani, mama na mwana wanapiga soga mpaka kuku wanaingia bandani, halafu mwishoni kabisa Teodora ananyoosha mkono na kusema, "Haya, msalimie baba yako." Kahigwa anaipokea simu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa watu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo? Huko baridi?"

"Baridi, baba."

"Haya, vaa vizuri." Kisha anairudisha.

Teodora akaugua, na wala hakuugua muda mrefu. Walimzika Muleba, kwenye kibanja cha ukoo, katikati ya migomba, mvua ikinyesha. Binti yao, Annet, hakufika. Kibali chake cha kuishi ughaibuni kilikuwa mezani kwa maofisa kikisubiri kuongezwa muda, na mtu akitoka katikati ya jambo hilo harudi tena. Alishuhudia mazishi ya mama yake kupitia simu ya binamu, na jeneza lilipoanza kushuka mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wameshaanza kutupia udongo.

Kahigwa alikaa msibani mpaka watu wakatawanyika. Akarudi Mwanza, akafungua mlango wa nyumba yake, akasimama sebuleni na begi mkononi asijue akae wapi. Viti vyote vilikuwa vitupu, na yeye alikuwa na uhuru wa kukalia chochote.

Jumapili iliyofuata, saa kumi, simu ya Teodora ikaita. Aliitazama ikitetemeka juu ya meza kabla ya kuishika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Kahigwa akahamishia simu sikio la pili.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula. Mvua?"

"Ilinyesha juzi."

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Wote wawili walikuwa watu wapole, waliozoea kuvushwa na mtu wa tatu, na mtu huyo hakuwepo tena. Kahigwa alikuwa akianza kuiogopa saa kumi tangu anatoka kanisani. Lakini simu ilipokatika, alikaa nayo mkononi akitamani iite tena.

Siku moja, wakiwa wameshamaliza chakula na mvua, na kimya kimeshakuwa kirefu hata kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake, Kahigwa akauliza jambo la kwanza lililomjia.

"Hivi, mama, huo mwezi unaousomea. Ardhi yake ikoje?"

Ni lazima ieleweke kwamba Kahigwa mwenyewe alikuwa mtu wa miamba. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ofisi ya maji, akitafuta mahali pa kuchimba visima virefu huko Kwimba, Magu na Misungwi. Chini ya nchi ile kuna granaiti ngumu, na granaiti yenyewe haina maji hata tone. Maji hukaa kwenye nyufa. Basi maisha yake yote ya kazi yalikuwa kutafuta nyufa asizoziona. Alipita mashambani na chombo cha kupitishia umeme ardhini, akipigilia vyuma, akisoma namba, huku mwenye shamba akimwangalia kama mganga. Annet alirithi ugonjwa huo. Alisoma jiolojia Dar es Salaam, akapata ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea miezi ya barafu, ile inayozunguka sayari za mbali za Mshtarii na Zohali. Kahigwa alilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mtaa ambao hajawahi kuupita.

Annet hakulitegemea swali hilo.

"Upi, baba? Iko mingi."

"Ule wa kwako."

"Yuropa." Sauti yake ilisogea karibu kidogo. "Hauna ardhi, baba. Ukitua pale huoni udongo wala jiwe. Ni barafu, kila upande, mpaka macho yanapoishia."

"Kama ile ya juu ya Kilimanjaro?"

"Ile ni ya joto! Yuropa baridi yake ni nyuzi mia na sitini chini ya sifuri, na hapo ni kwenye ikweta, penye nafuu. Kwa baridi ya namna hiyo barafu haitelezi, haiyeyuki, inakuwa ngumu kama mwamba. Ukiigonga kwa nyundo, nyundo inadunda."

Kahigwa akatafakari. "Ina nyufa?"

"Baba, Yuropa ni nyufa tupu."

Mzee akajiweka sawa kitini. "Zimeelekea wapi?"

Hapo ndipo Annet alipoanza kusema. Alimweleza baba yake juu ya nyufa ndefu kuliko safari ya kutoka Mwanza mpaka Mtwara, zimepita juu ya nyingine, na hizo juu ya nyingine, hata uso wote wa mwezi unaonekana kama yai lililopasuliwa kwa kijiko likaachwa bila kumenywa. Kandokando ya ufa huinuka matuta mawili yanayokwenda sambamba, kama kingo za mfereji. Ndani yake kuna rangi ya kahawia, na wengi wanaamini ni chumvi iliyopanda kutoka chini, ikaunguzwa na mionzi ya Mshtarii, mionzi mikali ambayo mtu akisimama pale siku moja tu inatosha kumuua. Na chini ya ganda hilo la barafu, kilomita nyingi chini, kuna bahari. Maji ya chumvi, mengi kuliko bahari zote za dunia.

"Na hayo maji hayagandi kwa nini, na jua liko mbali hivyo?"

"Mshtarii anauminya mwezi na kuuachia, anauminya na kuuachia, kila unapomzunguka. Ule mnyumbuko unatoa joto."

"Kama waya wa kufungia nondo," Kahigwa akasema. "Ukiukunja huku na huku, unakuunguza vidole."

"Ndivyo hasa, baba! Ndivyo hasa!"

Walipokata simu giza lilikuwa limeingia, na Kahigwa alishtuka kuona hajawasha hata taa.

Tangu siku hiyo mzee akawa na kazi. Alikuwa akinunua bando na kusoma kila alichokipata juu ya miezi ya barafu. Kiingereza kilipomzidi alirudia sentensi mpaka ikakubali. Katikati ya wiki alikwenda Butimba, kwenye maktaba ya chuo cha ualimu, ambako mkufunzi mmoja wa jiografia aitwaye Machibya alimruhusu kusoma vitabu vya sayari, vichache na vya zamani. Jumamosi alichagua maswali. Alitaka yawe maswali ya kweli, ya mtu aliyefikiri, ili Annet asione baba yake anamsumbua kwa mambo ya kitoto.

Jirani yake, Mama Favour, Mjaluo wa Rorya ambaye naye alikuwa mjane, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyagundua mabadiliko hayo. Alizoea kumletea mzee sahani ya ugali na sato Jumapili mchana, na Jumapili moja alimkuta jikoni kainamia friza ya Teodora, tochi mkononi. Friza ile ilikuwa imezimwa tangu msiba, na sasa ilikuwa ikinguruma tena.

"Baba Annet, umepoteza nini humo?"

"Sijapoteza kitu, Mama Favour. Naangalia barafu inavyopasuka."

Mama Favour akaweka sahani mezani polepole. Kahigwa akamwonyesha sufuria. Ndani yake aligandisha maji yenye chumvi, magadi na majani ya chai, ili aone ule uchafu wa rangi utakwenda wapi maji yakigeuka barafu. Ulikuwa umesukumwa katikati, umejikusanya kwenye mstari mmoja wa kahawia.

"Hivi ndivyo ilivyo Yuropa," akasema kwa furaha.

"Yuropa? Si ndiko aliko Annet?"

"Kule ni Ulaya. Yuropa hii ni mwezi."

"Mh," Mama Favour akasema, akiitazama sufuria na kumtazama mzee. "Haya, kula kwanza. Samaki anapoa."

Jioni ile alipomsimulia Annet, binti alicheka. Alicheka kile kicheko cha Teodora, kinachoanzia chini na kukatika ghafla, hata Kahigwa akalazimika kuiondoa simu sikioni kidogo na kutazama dirishani, kwenye ziwa, mpaka kikapita.

Siku nyingine za wiki zilibaki zilivyokuwa. Aliamka, akalisha kuku, akafagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa. Ndege zilipita juu ya paa zikienda kutua. Alikuwa na marafiki, lakini wengi walikuwa wa kazini na sasa walikuwa wametawanyika, mmoja Bariadi, mwingine kaburini. Wakati mwingine alipita siku nzima bila kusikia sauti yake mwenyewe, na jioni alipowaambia kuku waingie bandani, ilitoka imekauka kama ya mgonjwa. Chakula cha mtu mmoja kilimshinda kupima. Wali ulibaki kila siku, na kila siku aliwapa kuku.

Jumapili waliipita ile miezi ya barafu mmoja mmoja, yeye na Annet. Walikaa Jumapili kadhaa kwenye Enseladasi wa Zohali, mwezi mdogo ambao ukiupima kutoka upande mmoja mpaka wa pili ni kama kuruka moja kwa moja kutoka Mwanza mpaka Dodoma, basi. Kwenye ncha yake ya kusini kuna nyufa nne zinazorusha maji angani mchana na usiku. Mengine hupotelea mbali, mengine hurudi kama vumbi la barafu, laini kuliko unga wa muhogo, likajaza mashimo ya kale yaliyochimbwa na vimondo. Ndiyo maana mwezi ule unang'aa kuliko yote. Wakahamia Titani, ambako barafu imeviringika mitoni kama kokoto na mvua yake ni gesi iliyogeuka kimiminika.

Kisha wakafika Kalisto, na Kahigwa akasitasita hapo.

"Huu mbona haupasuki?"

"Hauminywi sana, baba. Uko mbali na Mshtarii. Uso wake ni wa tangu mwanzo. Kila kimondo kilichoupiga, alama yake bado ipo. Kingo za yale mashimo ndizo zinaliwa polepole sana, barafu inageuka hewa inaondoka, linabaki vumbi jeusi limelala bondeni."

"Na hakuna kinachotokea."

"Karibu hakuna."

"Huo naupenda," Kahigwa akasema.

Annet hakucheka. "Tata," akamwita, kwa Kihaya, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Uko sawa huko?"

"Niko sawa, mama. Niko sawa kabisa."

Jambo hili lingeweza kuendelea hivyo miaka. Lakini kule Butimba, Machibya alikuwa amezoea kukaa na mzee maktabani, na siku moja akamwomba: angekuja kuzungumza na wanachuo wake juu ya miezi hiyo? Kahigwa akakubali, kisha furaha ikampanda kichwani akaongeza jambo ambalo hakuombwa. Binti yake, akasema, ni mtaalamu wa mambo hayo Ujerumani. Angeunganishwa kwa video, aseme na wanachuo mwenyewe. Machibya alifurahi mno.

Jumapili Kahigwa aliisubiri saa kumi kwa hamu ya kijana. Alimweleza Annet yote kwa mkupuo.

"Baba, umeshawaambia?"

"Nimeshawaambia! Nusu saa tu. Wale walimu watarajiwa hawajawahi kumwona mtu anayesoma mambo haya, tena wa hapahapa, tena mwanamke."

"Kazi ni nyingi kidogo kipindi hiki."

"Watapanga siku utakayotaka wewe."

"Nitaona, baba," Annet akasema. "Acha niangalie." Muda mfupi baadaye akaaga. Ilikuwa bado mapema, jua liko juu.

Jumapili iliyofuata simu haikuita. Kahigwa alikaa nayo mpaka jioni, akainuka kuangalia kama ina chaji, akakaa tena. Ulikuja ujumbe tu: *Niko salama baba, kazi zimebana. Tutaongea.* Jumapili nyingine, ujumbe mwingine, mfupi zaidi. Mama Favour alipoleta sahani aliikuta ile ya wiki iliyopita haijaoshwa.

"Mmegombana?"

"Hapana. Nilimwomba jambo."

"Jambo zito?"

"Nilidhani jepesi."

Mama Favour alisimama pale mlangoni, akaifuta mikono kwenye kanga yake. "Na wewe umempigia?"

Kahigwa akamtazama. Katika miaka yote hiyo, yeye mwenyewe hakuwahi kumpigia binti yake. Simu iliita, yeye akapokea. Halikuwahi kumjia hata mara moja kwamba njia ile inapitika pia kutoka upande huu.

Alipiga Jumatano mchana. Hakuchagua saa, alikuwa uwanjani, akaona akisubiri kuingia ndani atakosa ujasiri. Simu iliita muda mrefu, ikapokelewa kwa haraka, na picha ikafunguka. Kahigwa hakujua kama aligusa kitufe cha video. Alimwona Annet kavaa gauni fupi la buluu kama la muuguzi, nywele kazifunga kwa kofia. Mkono mmoja ulishika kijiko. Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mzungu mzee sana, kitambaa kimefungwa shingoni, mdomo wazi kama kinda.

"Baba! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekupigia tu." Akamtazama yule mzee. "Uko hospitali?"

Annet akageuka nyuma, akageuka tena kwake. Usoni mwake Kahigwa aliliona jambo zima kabla halijasemwa, kama vile zamani alivyojua kutokana na namba za kwanza tu kwamba pale hapana maji.

"Nipe dakika, baba. Nimalize kumlisha. Nitakupigia."

Na kweli alipiga, akiwa nje kwenye ngazi za jengo, koti begani. Akasema bila kuzunguka. Kazi ya chuo kikuu ilikwisha. Fedha za mradi ziliisha na mkataba haukuongezwa, kabla hata mama hajaanza kuumwa. Alitafuta mahali pengine akakosa. Kibali cha kuishi kilitaka kazi, na kazi iliyopatikana ilikuwa hiyo, nyumba ya kutunzia wazee. Alitaka kumwambia mama, mama akaugua. Baada ya hapo hakukuwa na wa kumwambia.

"Nilikuwepo mimi," Kahigwa akasema.

"Wewe uliniuliza mvua, baba."

Hilo mzee hakulipinga. Halafu akauliza, "Sasa yale yote uliyokuwa unanieleza? Enseladasi, Kalisto?"

"Mengine nilikuwa nayakumbuka. Maswali yako yalipokuwa magumu, nilisoma. Jumamosi nikitoka zamu nilikuwa nakaa na kusoma, ili kesho yake niwe na la kukujibu." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Niliogopa ukijua nimeacha, hutakuwa na cha kuniuliza."

"Mimi nami nilikuwa nasoma Jumamosi," Kahigwa akasema. "Nipate cha kukuuliza."

Annet alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati. Kahigwa alisimama uwanjani na kuku wake miguuni, akimsikiliza binti yake akilia kwenye ngazi za watu, katika mji ambao hata jina lake hakuwa na uhakika analitamka sawasawa. Alitaka kusema neno. Angekuwa Teodora angelijua.

"Nawalisha wazee wa watu, tata," Annet akasema alipoweza. "Nawaogesha. Nawasomea magazeti. Na wewe uko huko peke yako unagandisha chai."

"Ile ilikuwa sayansi," Kahigwa akasema, na kwa kweli hakuwa akitania, lakini Annet alicheka tena, vizuri zaidi mara hii. Kengele ikalia mahali fulani nyuma yake, akamwambia lazima arudi ndani.

Siku ya Butimba ilipofika Kahigwa alivaa koti lake la ofisini na kwenda peke yake. Alimweleza Machibya mlangoni kwamba binti hataweza, na Machibya alikuwa muungwana, hakuuliza. Darasa lilikuwa limejaa. Mzee hakuwa mzungumzaji. Akawaonyesha kwa kidole miamba iliyorundikana kilimani nje ya dirisha.

"Ninyi mkiambiwa jiwe, mnajua ni lile. Huko ninakotaka kuwapeleka, jiwe ni maji."

Wakafungua madaftari. Aliwaeleza nyufa za Yuropa, na mahali ambapo ganda limevunjika vipande vikubwa, vikageuka na kuelea kidogo kabla ya kuganda tena, ukiviangalia unaweza kuvirudisha kwa akili mahali pake kama vigae vya chungu. Aliwaeleza namna mtu anavyoweza kujua umri wa uso wa mwezi kwa kuhesabu makovu: ulio na mengi ni wa kale, ulio na machache umejifanya upya. Alisema kwamba hakuna mtu aliyewahi kuigusa barafu hiyo, yote haya yamejulikana kwa kutazama kutoka mbali, kwa subira, na kwamba vyombo vya angani viko njiani sasa hivi kwenda kutazama kwa karibu, na huenda mengi aliyowaambia yakaonekana si sahihi.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mzee, haya yote umejifunzia wapi?"

"Binti yangu ndiye aliyenifundisha. Anaitwa Annet. Ameyasomea mpaka juu kabisa."

"Na sasa yuko kwenye vyombo hivyo? Anafanya kazi hiyo?"

Kahigwa alimwona Machibya kando akijiandaa kumwokoa. "Hapana," akasema. "Kazi hiyo iliisha. Sasa anatunza wazee, huko Ujerumani. Anawalisha wasioweza kula wenyewe. Akitoka hapo, anasoma." Kisha akageukia ubao. "Kuna swali jingine?"

Hakuna aliyeguna. Kijana wa nyuma akataka kujua kama Enseladasi una samaki, darasa likacheka, na Kahigwa akajibu kwa uzito uleule kwamba hakuna ajuaye.

Jumapili saa kumi Annet alipiga. Kwanza alitaka kujua jinsi mazungumzo yalivyokwenda, na baba akamsimulia, pamoja na swali la msichana na jibu alilolitoa.

"Uliwaambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Annet akakaa kimya. Kahigwa hakukiogopa kimya hicho kama vile vya zamani, ingawa hakukipenda pia. Alikuwa hana swali aliloliandaa. Wiki ile hakusoma kitu.

"Yule mzee," akasema mwishoni. "Uliyekuwa unamlisha. Ni nani?"

"Bwana Brandt?" Annet akashangaa. "Alikuwa anaendesha treni za mizigo. Ana watoto watatu, sijamwona hata mmoja. Kila jioni ananiuliza kama treni yake imefika."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Mwanzoni nilikuwa namwambia hakuna treni, anapata hasira. Siku hizi namwambia imechelewa."

"Anafurahi?"

"Anasema imezoea kuchelewa."

Alimsimulia habari za nyumba ile yenye korido ndefu yenye harufu ya sabuni na supu, bibi mmoja anayeficha mikate chini ya mto, mwenzake wa zamu kutoka Ufilipino ambaye huimba akitandika vitanda. Alimweleza chumba chake cha juu, chenye dirisha la kwenye paa ambalo majira ya baridi hufunikwa na theluji likawa jeupe, asione nje kwa siku nzima. Kahigwa hakuwahi kujua kwamba binti yake anaishi chini ya dirisha la namna hiyo. Miaka yote hiyo.

"Utakuja lini?" akauliza.

"Sijui, baba. Kibali kikishakaa sawa. Labda Krismasi, labda ya mwaka kesho. Sitaki kukuahidi."

"Usiahidi." Akafikiri kidogo. "Jumatano unapumzika saa ngapi?"

"Saa nane ya huko kwenu nakuwa nje kidogo, kwenye ngazi."

"Nitapiga mimi."

Walipoagana, simu ilikuwa ya moto mkononi. Kahigwa akaiweka mezani, akabaki amekaa. Upande wa pili wa ukuta redio ya Mama Favour ilikuwa ikitangaza matokeo ya mpira. Ziwa lilikuwa limeshapoteza rangi. Aliwaza chumba kile chenye dirisha lililozibwa na theluji, na mtu mmoja ndani yake anayekula chakula ambacho naye pengine hajui kukipima. Baadaye akainuka kwenda kuwafungia kuku, akiwahesabu kwa sauti ili wasibaki nje, na alipomaliza kuwahesabu akaendelea kusimama pale, kwa kuwa ndani hakukuwa na haraka yoyote.